Kikokotoo cha unyayo wa ikolojia: nilikijaza mimi, kisha mdogo wangu mwenye watoto watano

Nyota tatu na nusu kati ya tano.

Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu. Kwa miaka kumi na tisa nimefungua vitabu vya watu nikiuliza swali moja kwa njia mia: hizi fedha mnazotumia ni faida au ni mtaji? Biashara inaweza kula mtaji miaka mingi bila mtu kushtuka. Mishahara inalipwa, magari yanawashwa, wageni wanapokelewa vizuri, na huku stoo inapungua kidogo kidogo mpaka siku mwenye deni anapobisha hodi. Ndiyo maana niliposikia kwamba kuna kikokotoo kinachomkagua mtu mmoja na kumwambia kama anaishi kwa faida ya dunia au kwa mtaji wake, nilikaa nacho jioni tatu, ingawa chenyewe kinataka dakika kumi tu.

Sitaji ni cha nani. Vipo kadhaa mtandaoni, vya bure, na vingi vimejengwa juu ya mbinu ileile, kwa hiyo ninayosema yanahusu jamii nzima ya vikokotoo hivi.

Mbinu hiyo, iitwayo unyayo wa ikolojia, ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Mathis Wackernagel pamoja na mwalimu wake William Rees, katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada. Ni wazo la kihasibu kabisa. Upande mmoja wa leja, kila unachotumia kinageuzwa kuwa eneo la ardhi au bahari lililohitajika kukizalisha na kumeza taka zake: mashamba, malisho, maeneo ya uvuvi, misitu ya mbao, ardhi iliyojengwa, na msitu ambao ungetakiwa kuwepo ili unyonye hewa ya ukaa uliyosababisha. Upande wa pili linaandikwa eneo lenye rutuba ambalo lipo kweli. Kipimo chake kinaitwa hekta ya dunia, yaani hekta yenye uzalishaji wa wastani wa dunia nzima. Ukigawa eneo lote kwa watu wote, kila mmoja anapata takriban hekta 1.5. Wastani wa tunachotumia ni karibu 2.6.

Hiyo tofauti inalipwa na mtaji. Kwa hesabu zao, binadamu tulivuka mstari mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2025 bajeti ya mwaka mzima iliisha tarehe 24 Julai. Anayetaka kuona maana yake bila namba aangalie bahari ya Newfoundland, Canada. Watu walivua pale kwa karibu miaka 500. Meli kubwa zenye majokofu zilipokuja baada ya Vita ya Pili ya Dunia, mavuno yalipanda mno, na mtu aliyekuwa akisoma taarifa za mavuno peke yake angesema biashara inakua. Julai 1992 serikali ikafunga uvuvi ule, maelfu kwa maelfu ya watu wakakosa kazi kwa tangazo moja, na zaidi ya miaka 30 baadaye samaki wale bado hawajarudi walivyokuwa. Mimi nimeona vitabu vya namna hiyo. Mapato yanapanda mwaka hadi mwaka kwa sababu wanauza mashine za kiwanda.

Sasa kikokotoo chenyewe. Maswali yake ni mepesi: unakula nyama mara ngapi, chakula chako kimesafiri umbali gani na kimepita viwandani kiasi gani, nyumba yako ina ukubwa gani na imejengwa kwa nini, mnaishi wangapi, umeme unatoka wapi, unasafiri kilomita ngapi kwa wiki na kwa chombo gani, unakaa angani saa ngapi kwa mwaka, unanunua nguo na vyombo vya umeme mara ngapi, unatupa taka kiasi gani. Majibu mengi hutolewa kwa kusogeza alama kutoka kushoto kwenda kulia, na hapo ndipo jicho la mkaguzi linapoanza kuwasha. "Wastani" ni wastani wa nani? "Mara chache" ni mara ngapi? Watu wawili wenye maisha yaleyale wanaweza kusogeza alama sehemu tofauti kwa sababu tu mmoja ana haya. Nilirudia mara tatu, mara ya pili nikiwa na risiti zangu za miezi kumi na miwili mezani, na matokeo yakatofautiana kwa zaidi ya nusu dunia. Ukitaka namba ya kuaminika, usijibu kwa kumbukumbu. Kumbukumbu inatupendelea.

Kwa risiti, namba yangu ilikuwa 4.1. Yaani kama kila binadamu angeishi kama ninavyoishi, zingehitajika dunia nne na ushee.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, sina mtoto, naishi peke yangu katika nyumba ya vyumba vitatu vya kulala. Kwa miaka mingi niliamini, na niliwahi kusema mbele za watu, kwamba mtu asiye na watoto ameshalipa deni lake kwa dunia. Mdogo wangu alipojifungua mtoto wa tano nilimwambia wodini, akiwa bado hajaweza kuketi vizuri, kwamba dunia imejaa. Hakunijibu. Alimgeuza mtoto upande wa pili akaendelea kumnyonyesha. Nimebeba picha hiyo miaka sita.

Jioni ya pili nilimpelekea kikokotoo. Tulikaa naye na mama yetu, simu katikati ya meza, watoto wakipishana nyuma yetu. Watu saba wanaishi kwenye nyumba ambayo ingeingia sebuleni kwangu na nafasi ikabaki. Nyama ni siku chache kwa mwezi. Hajawahi kupanda ndege. Nguo za mkubwa zinashuka kwa anayefuata, na anayefuata, mpaka zinageuka kuwa vitambaa vya kufutia. Tulipofika mwisho skrini ikaonyesha 1.2.

Alitazama namba ile kwa muda, akaniuliza, "Dada, yako ilikuwa ngapi?"

Nilimwambia.

"Kwa hiyo wewe mmoja ni sawa na sisi watatu na nusu."

Ni kweli, ingawa ukizidisha 1.2 kwa watu saba unapata zaidi ya mara mbili ya namba yangu, na nilimwambia hivyo pia kwa sababu hesabu haitaki upendeleo. Nyumba yake kwa jumla ina uzito kuliko yangu. Lakini mimi nilikuwa nimeishi nikidhani uzito wangu ni sifuri.

Hapa ndipo kikokotoo hiki kinapostahili sifa kubwa kuliko zote. Kinauliza mnaishi wangapi, lakini hakikuhukumu kwa wingi wa watoto. Wingi wa watu unaingia kwenye hesabu mahali pengine, pale chini kwenye mgawanyo, na unaingia kwa nguvu. Mwaka 1961, ambapo takwimu hizi zinaanzia, watu walikuwa takriban bilioni 3 na mgao wa kila mmoja ulikuwa karibu hekta 3 za dunia. Tarehe 15 Novemba 2022 Umoja wa Mataifa ulihesabu kuwa tumefika bilioni 8. Mashamba yameongezewa mbolea, maji na mbegu bora, uzalishaji umepanda, na bado mgao umeshuka hadi nusu. Anayesema idadi ya watu haina uzito wowote hajatazama safu hiyo ya leja.

Ila anayesema idadi peke yake ndiyo tatizo amefunika safu nyingine kwa kiganja. Kasi ya ongezeko ilifika kileleni miaka ya 1960, zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka, na sasa iko chini ya 1. Mwanamke wa wastani duniani alizaa watoto karibu watano mwaka 1950. Leo ni wawili na robo hivi. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 yanaonyesha kilele cha watu bilioni 10.3 katikati ya miaka ya 2080, kisha kushuka polepole. Matumizi hayana kilele kama hicho kwenye makadirio ya mtu yeyote niliyemsoma. Na kuna jambo dogo ambalo kikokotoo kilinionyesha bila kukusudia: nilipobadilisha jibu moja tu, nikaandika kwamba tunaishi wanne nyumbani kwangu badala ya mmoja, namba ilishuka hadi 3.2. Taa zilezile, paa lilelile, jokofu lilelile. Kaya zinazidi kuwa ndogo karibu kila mahali, kwa hiyo nyumba huongezeka kwa kasi kuliko watu, na kila nyumba inataka vyombo vyake.

Safari za ndege nazo. Saa 38 kwa mwaka, nyingi za kwenda kukaa kwenye vikao ambavyo vingefanyika kwa simu. Kuzifuta kulipunguza 0.8. Nilirudia kuzifuta na kuzirudisha nikitazama namba inavyopanda na kushuka, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi.

Mama ndiye aliyegundua kasoro kubwa. Ameshona na kutia viraka nguo za watu maisha yake yote. Alisikiliza maswali yote akasema, "Kinauliza mnanunua nini. Mbona hakiulizi mnatengeneza nini?" Na kweli hakiulizi. Shati linalovaliwa miaka kumi na shati linalovaliwa mara mbili ni kitu kimoja kwake, mradi yamenunuliwa mwaka mmoja. Kutengeneza shati moja la pamba huhitaji takriban lita 2,700 za maji tangu shambani mpaka dukani, na maji hayo yameshatumika; kitu pekee kilicho mikononi mwako ni muda ambao shati litaishi. Vivyo hivyo kwa simu. Kwenye droo yangu nilikuta tano, tatu kati yake zinawaka. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme, na zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika robo. Kikokotoo kinachotaka kunibadilisha kingeniuliza hicho: simu yako ya mwisho uliitumia miaka mingapi, na ilipoharibika ulimpelekea fundi au uliitia droo?

Kasoro nyingine ni za mbinu yenyewe, na anayekitumia azijue. Karibu asilimia 60 ya unyayo wa binadamu ni hewa ya ukaa iliyogeuzwa kuwa msitu wa kudhaniwa. Kwa hiyo ule mzigo wa "dunia 1.7" unaotajwa sana ni, kwa sehemu kubwa, habari ya makaa, mafuta na gesi. Ukiondoa hiyo, sehemu iliyobaki haizidi mgao, na mtu mvivu anaweza kudhani mashamba yako salama. Hiyo haitoshi kusema yako salama. Mbinu inahesabu mavuno ya shamba mwaka huu, haihesabu udongo uliosombwa na mvua wala maji ya ardhini yaliyovutwa kuliko yanavyorudi. Shamba linaloharibiwa kwa kuvuna sana linaonekana humu kama shamba lenye uwezo mkubwa. Ni kosa lilelile la mavuno ya Newfoundland.

Naitrojeni, kirutubisho kikuu kilichomo kwenye mbolea, haimo kabisa. Njia ya kutengeneza amonia, malighafi ya mbolea, kwa naitrojeni ya hewani, iliyogunduliwa na Fritz Haber na kupelekwa viwandani na Carl Bosch kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, ndiyo inayolisha, kwa makadirio ya wengi, karibu nusu ya watu waliopo leo. Sehemu ya mbolea hiyo haiingii kwenye mmea. Inafuata mito hadi baharini, na pale mto Mississippi unapomwagika kwenye Ghuba ya Mexico kila kiangazi linatokea eneo kubwa ambalo oksijeni yake ni ndogo mno kwa viumbe wengi wa baharini. Johan Rockström na wenzake mwaka 2009 walipendekeza mipaka tisa ya sayari, yaani viwango ambavyo ni hatari kwa binadamu kuvivuka, naitrojeni na fosforasi zikiwemo, na tathmini ya mwaka 2023 ilikuta sita imeshavukwa. Kikokotoo changu kinagusa miwili au mitatu tu. Namba yangu ya 4.1, kwa hiyo, ni ya upole.

Kuna pia sehemu ambayo mtu hawezi kuigusa. Niliweka majibu yote upande wa chini kabisa, kana kwamba naishi kwenye kibanda, sili nyama, sisafiri, sinunui chochote. Haikushuka chini ya 1. Kilichobaki ni mgao wangu wa barabara, hospitali, jeshi, ofisi za serikali. Hilo halipunguzwi na mtu mmoja kuzima taa. Linapunguzwa kwa sheria na bajeti, na kikokotoo kinapaswa kusema hivyo waziwazi pale kwenye ukurasa wa mwisho. Hakisemi. Kinaniambia nitumie baiskeli. Ikumbukwe kwamba mazoea ya kumwambia kila mtu apime unyayo wake wa kaboni yalienezwa sana na matangazo ya kampuni ya mafuta ya BP katika miaka ya 2000. Sikatai kupimwa. Nakataa kupimwa peke yangu.

Nirudi kwa mdogo wangu, kwa sababu ndiko moyo wa tathmini hii uliko.

Chini ya namba yake kikokotoo kilimwandikia pongezi na mchoro wa jani la kijani. Yeye hakufurahi. Alisema, "Kinanisifu kwa nisivyokuwa navyo." Anataka jokofu, kwa sababu mwaka jana dawa ya mtoto iliyotakiwa kukaa kwenye baridi iliharibika. Anataka chumba cha pili cha watoto. Anataka kupanda ndege mara moja kabla hajazeeka. Na mtoto wa tano, ameniambia usiku ule kwa mara ya kwanza, hawakumpanga. Alikuwa ameomba njia ya uzazi wa mpango na mara mbili aliambiwa zimekwisha, arudi wiki ijayo. Anampenda mtoto yule kupita kiasi, na kauli hizo mbili alizisema kwa pumzi moja. Umoja wa Mataifa unakadiria mimba milioni 121 kwa mwaka ambazo hazikukusudiwa, karibu nusu ya mimba zote. Mimi nilikuwa nimemwendea wodini na lawama, kumbe alihitaji mtu wa kwenda naye kugombana na dirisha la dawa.

Mataifa yaliyojaribu kupunguza watu kwa mabavu yameacha makovu: mamilioni waliofungwa uzazi India wakati wa hali ya hatari ya 1975 hadi 1977, na sera ya mtoto mmoja ya China iliyodumu kuanzia 1980 hadi 2015. Iran ilipitia njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanamke wa Iran alizaa zaidi ya watoto sita kwa wastani. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 ilikuwa karibu wawili, baada ya wasichana kujaa mashuleni na huduma za uzazi wa mpango kufika hadi vijijini. 

Kwa hiyo jani la kijani liondolewe. Namba ndogo ya mtu aliyekosa si ushindi wa mtu yeyote, na kikokotoo kinachoweka pongezi chini ya ukosefu kinamfundisha mwenye namba kubwa kumtamani maskini abaki alivyo. Leja inasema kitu kingine. Mgao ni hekta 1.5 za dunia kwa kila mtu na hauongezeki. Jokofu la mdogo wangu lina haki ya kuwepo. Basi nafasi yake lazima itoke mahali, na katika familia yetu hakuna pengine pa kuitoa isipokuwa kwangu.

Nani akitumie? Mwenye kipato cha kutosha, aliyekuwa akitazama wingi wa watoto wa wenzake. Walimu wanaweza kukitumia darasani, ila wapeleke kaya mbili tofauti, wasipeleke moja. Aliyekwisha kupungukiwa asisumbuliwe nacho. Nimekata nyota moja kwa maswali ya kusogeza alama na kwa kutouliza vitu vinadumu muda gani, na nusu kwa lile jani.

Nimepima tena mwezi uliopita, kwa risiti. Vikao vyote isipokuwa viwili nimevifanya kwa simu. Binti mkubwa wa mdogo wangu amehamia chumba changu cha nyuma kwa sababu shule yake iko karibu nami, na simu mbili kutoka kwenye droo zimepata watu. Namba yangu ni 2.9. Ya mdogo wangu imepanda kutoka 1.2 hadi 1.4, kidogo kwa sababu sasa wanagawana watu sita badala ya saba, na zaidi kwa sababu jokofu lilifika Jumanne.